Chumvi ya Samaki wa Papa Muhindo

Juzi nilikuwa napita soko kuu la Bunia kutafuta cha kufungulia kinywa, nikaona sanduku la kioo ambalo ningelitambua popote pale. Ndani yalipangwa mandazi ya moto, na mama mwenye mandazi alikuwa anafukuza nzi kwa kipande cha kartoni. Pembe ya chini ya kushoto ilikuwa na ufa uliozibwa kwa gundi nyeusi. Ndani ya mkunjo wa gundi hiyo, mahali ambapo kitambaa hakifiki, kulikuwa na mstari mweupe, mwembamba na mgumu. Mtu mwingine angedhani ni sukari iliyoganda. Mimi nilikwangua kwa ukucha, nikalamba. Ilikuwa chumvi.

"Mama, unalamba kioo yangu juu ya nini?" mwenye mandazi aliniuliza. "Mukate iko ndani!"

Watu walicheka, nami nikacheka nao. Nikanunua mandazi kuliko njaa yangu ili heshima yangu irudi, nikaondoka haraka kwa sababu machozi yalikuwa yananijia. Mtu mzima mwenye watoto wanaonyoa ndevu, ninalilia sanduku la mandazi. Lakini wenzangu mliolelewa katika nyumba za watu mtanielewa.

Nilipolijua sanduku hilo halikuwa la mandazi. Lilikuwa la samaki wa baharini, hapa hapa Bunia, ambako bahari tunaisikia redioni tu.

Wakati ule vita vilikuwa vimeisha, au ndivyo tulivyoambiwa. Wakubwa waliitaja amani kwa sauti ya chini, kama mgonjwa aliyelala chumba cha pili. Magari meupe ya askari wa kigeni yalipita, maduka yalifunguliwa, na mtu alimtazama mwenzake vizuri kwanza kabla ya kumsalimia. Mama alinileta kwa mdogo wake, Mama mudogo Riziki, mtaa wa Nyakasanza, akaniachia mfuko wa nguo na kitenge chake kimoja cha kujifunika. Yeye alikuwa anashuka kwenye kilima chetu, upande wa barabara ya Kasenyi, kuangalia kama tunaweza kurudi. Babu, baba yao wawili, alikuwa amekwisha kufa. Ng'ombe wake walikuwa wamekwenda na waliowachukua. Na ilisemekana watu wengine wamejenga juu ya kilima.

"Ninaenda kuangalia tu," Mama aliniambia. "Kiisha nitarudi kukukamata, tuende kwetu."

Nilikuwa na umri wa kuamini kila neno la sentensi hiyo, hasa neno la mwisho.

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo hamtanielewa. Babu alikuwa mtu wa ng'ombe, na akinunua ng'ombe kwa watu hakumwachilia malishoni mara moja. Alimfunga karibu na moto wa samadi kavu, moshi umpake harufu ya zizi, na kila asubuhi alimlambisha chumvi kutoka kiganjani mwake. "Akisha lamba chumvi ya mukono yako," alinifundisha, "hata umufungue kamba, hatarudi kwabo. Njia inamupotea." Nilimwona ng'ombe mmoja mwekundu aliyeshinda akilia huku ameelekeza pua bondeni alikotoka. Babu alimlambisha chumvi, asubuhi baada ya asubuhi, na siku moja ng'ombe yule akaacha kulia. Babu alifurahi. Mimi nilimwonea huruma sana.

Mume wa Mama mudogo, Papa Muhindo, alikuwa mfanyabiashara, mtu wa Butembo, aliyekuwa akifuata vitambaa na magodoro mpaka Dubai. Wengine wakitoka huko walirudi na televisheni. Yeye alirudi na sanduku la kioo, gunia la chumvi ya ajabu na wazimu wa samaki. Samaki wenyewe alikuwa akiletewa kutoka Mombasa kwa njia ya Kampala, kila mmoja ndani ya mfuko wake wa plastiki uliojazwa hewa. Nyumba nzima iliishi kwa ajili yao. Umeme ukikosekana grupu, yaani jenereta, iliwashwa kwa ajili ya pampu ya samaki, na sisi tukapata taa kwa bahati yao. Baridi ya mvua ikija, Papa Muhindo alilifunika sanduku kwa blanketi zuri la wageni. Mimi nililala na kitenge.

Katika sanduku hilo kulikuwa na mfalme. Alikuwa samaki mdogo kuliko wote, mwili wa bluu nzito, mkia wa njano, mrefu kama kidole changu. Papa Muhindo alimwita Kapita, kama wale wasimamizi wa zamani wa mashamba, waliokuwa wakali kuliko wenye shamba. Kapita alikuwa na jiwe lake katikati, na pango chini ya jiwe, na kwa maoni yake maji yote yaliyolizunguka jiwe yalikuwa mali yake. Samaki mwingine akipita alimrukia ubavuni na kumng'ata mapezi. Wale wawili wa rangi ya machungwa walikuwa wamekwisha kujifunza kukaa juu, pembeni, karibu na pampu. Wakati wa kula walinyakua chembe na kukimbia.

Nyumba ile haikuwa na mtoto mwingine. Mama mudogo hakuwa amebahatika kuzaa, Papa Muhindo alikuwa dukani, na mama yake Papa Muhindo, tuliyemwita Koko, alikaa barazani akichambua maharage na kusali. Ndoa ile ilikuwa ya mapenzi, na pande zote mbili hazikuwa zimeisamehe bado. Kila mtu alinitendea vizuri na hakuna aliyekuwa na la kuniambia. Kwa hiyo nilishinda mbele ya kioo. Niliijua mikwaruzo yake yote. Niliujua mlio wa pampu, ambao ukiusikiliza sana unafanana na mtu anayekunywa chai ya moto. Upweke wa mtoto unachekesha kwa nje: anaonekana ametulia, watu wanamsifu kwa adabu.

Jioni yangu ya kwanza nilimwona Papa Muhindo akikorogea chumvi kwenye beseni la maji ya mvua, kwa mwiko, taratibu, akidondoshea tone kwenye ulimi. Kisha akayamimina maji yale kwa samaki. Nilielewa papo hapo. Wale samaki walitoka mbali, na alikuwa anawalambisha chumvi ili wasahau njia ya kwao.

Dakika chache baadaye tukaitwa mezani. Kulikuwa na bugali, sombe ya majani ya mihogo, na makayabo, yale mapande ya samaki waliolala katika chumvi hadi wanakuwa wagumu kama kiatu. Nilimega, nikachovya, nikaweka mdomoni. Chumvi! Nikamtazama Mama mudogo, akanitabasamia na kuniongezea. Nikaona kila kitu. Nilikuwa nimefungwa karibu na moto.

Tangu siku hiyo sikula mboga ya nyumba ile. Bugali haitiwi chumvi, kwa hiyo nilikula bugali tupu. Nilikula ndizi, viazi vitamu vilivyochomwa, avoka, na maziwa yakipatikana. Sombe niliisukuma pembeni ya sahani. Maharage niliyahesabu kuwa adui. Nilikuwa nafanya kazi ya kumsubiri Mama, na niliifanya kwa bidii zote: kila nikiamka nilifumba macho na kuipita njia ya kwetu kichwani, nyumba ya padri, daraja la mbao, mlima wa mawe, mikaratusi miwili, zizi. Ikiwa bado niliiona, nilishukuru Mungu na kwenda kuosha uso.

Mama mudogo alijaribu kila kitu. Alikaanga samaki wabichi wa Kasenyi, alitia karanga kwenye mboga, alininunulia jibini. "Weye unaumwa wapi?" aliniuliza akinishika tumbo. "Haunipende?" Nilitikisa kichwa. Ningemwambia nini? Mwenye kulambisha chumvi haambiwi kwamba umegundua.

Katikati ya mambo hayo Papa Muhindo akaleta mgeni. Alikuwa samaki mzuri sana, mwekundu mwenye mistari myeupe, aliyekaa kwanza ndani ya mfuko wake ukielea juu ya maji, azoee. Papa Muhindo alizima taa ya sanduku, akawalisha wenyeji washibe, akamfungua mgeni taratibu. Haikusaidia. Kapita alimrukia kutoka pangoni kama mbwa wa geti. Mgeni alijibana nyuma ya bomba la pampu, na hapo hapo akabaki. Chakula kilishuka mbele ya mdomo wake na hakukigusa. Papa Muhindo alimkamata Kapita, akamfungia ndani ya chujio la plastiki lililoning'inizwa kwenye maji hayo hayo.

"Kapita iko mu kasho," alitangaza. "Afikirie kidogo."

Lakini Kapita hakufikiri. Alipotolewa alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe lake, kisha moja kwa moja kwenye bomba. Nilibandika uso kwenye kioo upande wa mgeni, ili walau mtu mmoja amwone. Usile, nilimwambia kimoyomoyo. Vumilia. Watakuja kukukamata.

Jumapili moja tulipotoka kanisani Koko alisema lile ambalo nyumba nzima ilikuwa inalizunguka. Tulikuwa mezani. Nilikuwa nimesukuma sombe pembeni tena. Koko aliweka tonge lake chini.

"Riziki, miye ni mama muzee, nitasema. Ile mutoto haiko inakula mboga ya hapa. Anakula tu kitu yenye haikupikiwa mu chungu yetu. Nani alimufundisha kuogopa chungu yetu?"

"Mama, ni mutoto tu," Mama mudogo alisema.

"Mutoto anasema kile bakubwa banasema nyumbani. Kwenu banatuwazia sumu. Banaacha mutoto hapa, na banamwambia: usikule kwa bale batu."

Hakuwa mtu mbaya, Koko. Alikuwa amezika watoto wakati wa vita, na waliowaua walizungumza lugha ya nyumbani kwetu. Nadhani tangu siku niliyoingia alikuwa akijikaza kunipenda, na kila sombe niliyoisukuma ilikuwa inamwambia usijisumbue. Mama mudogo aliondoka mezani. Nilimkuta jikoni ameupa mlango mgongo. Hakuniangalia.

"Kama haule hapa," alisema, "nitakutuma kwa bandugu kule kambi ya bakimbizi. Siwezi kukaa mu hii nyumba batu banasema nililetewa mutoto wa kunitukana."

Huko kambini Mama hangejua kunitafuta. Angerudi Nyakasanza kunikamata, angenikosa. Kwa upande mmoja kulikuwa na kusahau njia, kwa upande mwingine kulikuwa na kupotea kabisa, na sikuwa na mtu wa kumwuliza lipi ni afadhali.

Asubuhi iliyofuata Papa Muhindo hakwenda dukani. Alikunja mikono ya shati mpaka kwapani, akaniita.

"Kuya unisaidie. Ile mugeni itakufa. Haiko inakula."

"Juu ya Kapita," nilisema.

"Kapita haina kosa sana. Yeye alifika wa kwanza, anafikiri kila jiwe ni yake. Leo tunaharibu kijiji. Tunapanga majiwe yote upya. Kiisha bote banakuwa bageni, hata yeye. Mugeni hana nguvu ya kufukuza mugeni."

Tulimtia Kapita kasho. Papa Muhindo alitoa mawe moja moja, nami niliyapokea kwenye beseni. Yalikuwa mazito, yenye mashimo mashimo, yakinukia kitu ambacho sikuwa na jina lake na ambacho mpaka leo pua yangu inakitafuta. Mikono yetu ilikuwa imelowa mpaka viwiko. Ilikuwa mara ya kwanza katika nyumba ile mtu kufanya kitu pamoja nami, na labda ndiyo sababu ulimi wangu uliteleza.

"Papa, mugeni unamutilia chumvi mingi zaidi?"

"Juu ya nini?"

"Asahau upesi."

"Asahau nini?"

"Kwabo."

Alisimama na jiwe mkononi, maji yakimchuruzika kwenye suruali. Aliniangalia muda mrefu. Papa Muhindo hakuwa mtu wa ng'ombe, lakini alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara anajua kusoma uso wa mtu anayeficha bei.

"Ndiyo maana haule mboga?"

Niliinamisha kichwa. Yote yakatoka: Babu, kiganja, ng'ombe mwekundu, njia yenye mikaratusi. Nilisubiri acheke. Aliweka jiwe chini, akachuchumaa tukawa usawa mmoja.

"Sikia, mutoto. Hizi samaki zilizaliwa mu chumvi. Bahari iko na chumvi tangu Mungu aliiumba. Nikizitia mu maji ya mvua tupu, leo hii zinakufa zote. Ninatia chumvi juu maji ifanane na ya kwabo. Haiko ya kusahau. Ni ya kukumbuka."

Nyuma yetu kitu kilianguka. Mama mudogo alikuwa amesimama mlangoni, mwiko uko chini. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi. Aliketi pale pale sakafuni akaanza kucheka, na kicheko kikageuka njiani.

"Ni chumvi ya Papa yangu," alimwambia mumewe. "Ile ya ng'ombe. Mungu wangu, na miye sikuwaza!" Alijipangusa kwa pembe ya kitenge. "Miye pia, Muhindo. Wakati uliniingiza mu hii nyumba, nilikuwa napika vyungu mbili. Yenu na chumvi. Yangu bila."

"Haukuniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba ninaogopa kusahau kwetu?"

"Mupaka lini?"

Mama mudogo alifikiri. "Sijui. Siku moja nilisahau tu, nikapika chungu moja."

Papa Muhindo alisimama. Aligeukia mawe yake.

Koko alipoelezwa alipiga makofi mpaka maharage yakamwagika. "Siye tunalia sumu, kumbe ni mambo ya ng'ombe!" Alicheka siku nzima, akiacha na kuanza tena. Jioni alileta sahani yangu mwenyewe, sombe na makayabo, akakaa karibu yangu. Nilikula. Nilikula kwa machozi kwa sababu ilikuwa tamu na nilikuwa na njaa ya wiki nyingi. Kabla ya kulala nilifumba macho haraka: padri, daraja, mawe, mikaratusi, zizi. Vyote vilikuwapo. Papa Muhindo alikuwa amesema kweli.

Na Kapita? Alitolewa kasho, akaelea katikati ya kijiji kipya asijue aende wapi. Alilitafuta jiwe lake, akalipata pembeni, limelala kifudifudi, pango halipo. Alizunguka na kuzunguka. Mgeni alitoka nyuma ya bomba, wakakutana uso kwa uso, na Kapita ndiye aliyepisha. Siku hiyo mgeni alikula. Nilifurahi, kisha nikamtazama Kapita akitafuta pa kulala, na furaha ikanipungua. Hakuna aliyekuwa amenionya kwamba anaweza kutia huruma. Walikuja kufa wote baadaye, barabara zilipofungwa tena na petroli ikakosekana, pampu ikanyamaza. Wa mwisho alikuwa yeye.

Mama alirudi mchana mmoja wa vumbi. Niliposikia sauti yake getini nilikimbia na mfuko wangu wa nguo mkononi, maana ulikuwa umefungwa tayari tangu zamani. Alinikumbatia, lakini mfuko hakuuangalia. Mama mudogo alimtandikia mkeka barazani, akamletea maji ya kunawa, bugali na mboga.

"Ulifika?"

"Nilifika."

"Na batu?"

"Iko. Batu na batoto. Balifukuzwa kwabo, bao pia." Mama alikuwa ananawa mikono polepole, kidole kwa kidole. "Mama moja alinipatia maji ya kunywa, mu kikombe ya kuoshwa vizuri. Alinikaribisha kiti. Nilikaa mahali Papa alikuwa anafungia ng'ombe."

"Na weye ulisema nini?"

"Nilisema merci."

Ndani pampu ya samaki ilikuwa inakunywa chai yake. Nilitaka kumweleza Mama kwamba ni rahisi, kwamba mtu anaweza kupanga mawe upya na wote wakawa wageni na wote wakala, lakini nilimwona uso na sikusema.

Mama alionja mboga. Ilikuwa na chumvi ya kutosha, Mama mudogo hakukosea chumvi siku hizo. Lakini Mama alinyoosha mkono wa kuume, kiganja kikiangalia juu.

"Riziki," alisema, "unipatie chumvi."

Mama mudogo alimtazama dada yake. Aliingia jikoni, akatoka na kikopo, akammiminia kiganjani. Chumvi nyingine ilimwagika mkekani. Mama hakuitia kwenye mboga. Aliinamisha kichwa, akailamba, taratibu, amefumba macho. Halafu akaninyooshea kiganja, na ndani yake kulikuwa kumebaki kidogo.

Niliweka mfuko wangu chini, nikainama, nikalamba.